Nchi ya Waliohitimu Huruma

Njia iliyonifikisha katika nchi hiyo sitaieleza. Haina maajabu, na aliyewahi kufiwa anaijua. Nilifika langoni wiki ya tatu baada ya kumzika dada yangu Namkunda, nikiwa na Kitabu changu kwapani na viatu vya msibani bado miguuni.

Langoni alikaa karani mwembamba mwenye miwani. Hakuuliza jina langu wala nitokako.

"Umehitimu mangapi?" akasema.

"Mangapi nini, baba?"

"Mafundisho ya Kitabu hicho, mama. Yako saba. Umehitimu mangapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijahitimu lolote. Kusoma kwenyewe nimejifunza ukubwani, katika darasa la jioni, nikiwa na miaka hamsini na mitatu, kwenye madawati ya watoto ambayo magoti hayaingii. Akaandika sifuri kwenye kibao kidogo cha mti, akakitia kamba, akanivika shingoni.

Jua lilikuwa linashuka, nikaanza kutafuta pa kulala. Nyumba ya kwanza njiani ilikuwa nzuri, imepakwa chokaa, na juu ya mlango palikuwa na hati ndani ya fremu. Nikaisoma taratibu: Mwenye nyumba hii amehitimu Ukarimu. Nikamshukuru Mungu, nikabisha hodi. Akatoka mwanamume mnene, mwenye uso wa upole.

"Karibu, mama," akasema. Nilipoinua mguu akanyoosha mkono kunizuia. "Hapana, usiingie. Nasema karibu kwa mazoea tu."

"Samahani, baba. Nimesoma hati yako."

"Umeisoma vizuri. Nilihitimu mwaka ule wa mvua kubwa, kwa alama za juu kabisa. Hata maelezo ya pembeni niliyakariri."

"Basi naomba pa kujilaza. Hata ukumbini."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayelazimika kumweleza mtoto jambo dogo. "Mama, mtu aliyekwisha kujua kuhesabu, unamkuta barabarani anahesabu vidole? Nenda Bondeni. Kule wako wanaoanza, bado wana mazoezi."

Sauti ya mwanamke ikatoka ndani: "Nani huyo?"

"Mgeni."

"Mwambie tulishamaliza!"

Baadaye niliielewa sheria yao. Katika nchi hiyo kutenda fundisho ni zoezi la mwanafunzi, ili limwingie kichwani. Likishaingia, naye akatahiniwa na kupewa hati, halimhusu tena. Mhitimu akionekana analitenda, wanasema anarudia darasa. Kurudia darasa ni aibu kwa mtu na kosa mbele ya Baraza.

Nikateremka Bondeni. Kelele zake nilizisikia kabla sijaona nyumba. Ulikuwa ua mmoja mkubwa, moto mmoja, sufuria moja, na watu wa kila umri wenye vibao vya sifuri na moja. Bibi mmoja aliyeitwa Mashavu, ambaye kibao chake kilikuwa kimeshakuwa cheusi kwa moshi, aliuchukua mzigo wangu bila kuniuliza.

"Sifuri!" akaita. "Jamani, tumeletewa sifuri. Sogeeni, na sifuri nao wanakula."

"Wewe mwenyewe una ngapi?" nikamuuliza, maana nilikuwa nimechoka, na kuchekwa nimechekwa vya kutosha maishani.

"Moja. Mwaka wa ishirini na mbili huu. Kila nikitahiniwa naulizwa, mgeni akibisha hodi wajibu wa kwanza ni upi? Mimi nasema ni kuchungulia kama ugali unatosha. Wananiambia nimekosa."

"Jibu ni lipi?"

"Mpaka leo sijui!" akasema, na ua mzima ukaangua kicheko.

Nilikula. Nililala juu ya mkeka katikati ya wanawake wawili waliokoroma, na kwa mara ya kwanza tangu msiba sikuamka kulia.

Ningekaa kule. Ningekuwa na akili ningekaa. Lakini kesho yake waliwatahini wageni, na mimi nilikuwa na njaa ambayo haikuwa ya ugali. Nyumbani, watoto walizoea kuja dirishani kwetu saa za darasa na kutuimbia, "Bibi, sema a, e, i, o, u!" Sasa mbele yangu aliketi Bwana Kadeghe, Mtahini Mkuu, mzee mwenye sauti ya taratibu na kanzu safi. Aliniuliza, nikamjibu kwa sura na mstari, nisiruke neno. Aliweka kalamu chini.

"Mama," akasema, "umechelewa kuja kwetu, lakini umekuja umeiva."

Maneno hayo yalinishukia kama maji ya mtungini. Wiki haikuisha kabla kibao changu hakijawa cha nne.

Kila cheo kilikuwa na makazi yake mlimani. Wa pili walikaa familia mbili kwa nyumba, wa tatu familia moja. Kuanzia wa nne kila mtu alikaa peke yake katika chumba kimoja chenye kuta nene, ili mhitimu asisumbuliwe na mahitaji ya watu. Chakula kililetwa na wanafunzi wa Bondeni, wakakiacha kizingitini, wakagonga mara moja na kuondoka. Nilikula nikiutazama ukuta. Njiani watu hawakuulizana habari za nyumbani wala za afya. Walisomana vibao, mmoja akasema "Nne," mwingine akasema "Tano," wakapishana. Nilikaa siku kumi na moja bila mtu kunitaja jina. Siku ya kumi na mbili nilijitaja mwenyewe, kwa sauti, ndani ya kile chumba: Nakijwa. Nilishtuka, nikadhani kuna mtu ameingia.

Siku hizo Baraza lilikuwa na kesi, nami nilikwenda kusikiliza. Mzee mmoja wa kibao cha tano, aliyehitimu Msamaha zamani, alikutwa ameketi kwenye benchi moja na ndugu yake aliyemdhulumu shamba, wanagawana muhogo wa kuchoma. Shitaka lilikuwa kusamehe baada ya kuhitimu. Mjadala ulichukua siku tatu. Upande mmoja ulisema amerudia darasa, ashushwe. Upande wa pili ulisema huenda ni uzee, amelisahau kosa lenyewe, na aliyesahau hawezi kusemwa kwamba amesamehe. Kwa hiyo aonywe tu na kuachiliwa. Hoja hiyo ilipendwa na wengi, mpaka mjumbe mmoja alipokumbusha kwamba kumwachilia ni kumsamehe, na wote barazani wameshahitimu Msamaha. Wakamuuliza mzee kama ana la kujitetea.

"Ilinitoka tu, waheshimiwa," akasema. "Nilimwona amekonda."

Wakamshusha Bondeni. Nilimtazama akiteremka. Alikaza mwendo kama mtu anayewahi chakula.

Nilipaswa kujifunza hapo. Lakini nilikuwa nimeshasikia habari za Hati ya Kutoulizwa, na tangu niisikie sikuwa na wazo jingine. Watu wale wanaamini, kama tuaminivyo sisi, kwamba kila mtu akifa atasimama mbele ya Mwenye Nchi. Ila wao wanasema Mwenye Nchi huuliza swali moja tu, na kila mtu analijua lake tangu akiwa hai. Anayehitimu yote saba hupewa hati yenye muhuri, na siku hiyo atapita bila kuulizwa.

Mimi langu nalijua.

Dada Namkunda alikaa mtaa wa tatu kutoka kwangu. Hakujua kusoma. Alipozidiwa alimtuma jirani yake, Mama Eliwaza: "Mwambie Nakijwa aje tukae." Ilikuwa wiki ya mtihani wa darasa letu la jioni. Nilichukua kalamu, nikanakili kwa mwandiko wangu mpya fungu zima la kuwatembelea wagonjwa, bila kosa hata moja, nikampelekea kwa mkono wa huyo huyo jirani. Nilidhani nimefanya jambo jema. Nilidhani hata atafurahi kuona mdogo wake anaandika. Siku ya pili Mama Eliwaza akarudi. "Anasema ahsante," akaniambia, "lakini uje." Nikanakili fungu jingine. Tulipomwosha tulizikuta karatasi zote mbili zimefungwa kwenye pindo la kanga yake, zimekunjwa zikawa ndogo, kama mtu anavyofunga kitu cha thamani. Hakuna aliyemsomea.

Basi nilisoma mchana kutwa katika chumba kile, nikahitimu la tano, nikahitimu Huruma ambalo ni la sita, nikahamishiwa kwenye safu ya nyumba nyeupe kileleni. Lilibaki moja.

Jirani yangu kileleni alikuwa Bibi Adia, mwenye saba. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, mzee aliyenyooka, anaota jua kizingitini. Alisoma kibao changu, akasema, "Sita." Nikasema, "Saba." Akaingia ndani. Ujirani wetu ulikuwa huo.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho niliamka nikasikia ukuta unagongwa kutoka upande wa Bibi Adia. Kilikuwa kikombe cha bati. Kinagonga mara tatu, kinapumzika, kinagonga tena. Nilipokuwa nanawa uso kiligonga. Nilipopiga magoti kusali kiligonga, na sala yangu haikupanda. Kisha Bwana Kadeghe akaja mwenyewe kunichukua, kama ilivyo heshima kwa mtahiniwa wa saba.

"Jirani anagonga, Bwana Kadeghe," nikamwambia.

"Nasikia."

"Labda anaumwa."

"Anaumwa tangu juzi." Alisema hivyo bila ubaya wowote. "Tulihitimu Subira pamoja. Alinishinda alama mbili."

"Na hakuna wa kumwendea?"

"Nani aende, mama? Huku juu wote tumeshahitimu Huruma, na wa Bondeni hawaruhusiwi kuvuka kizingiti cha saba. Usijivuruge. Leo utaulizwa hilo hilo la wagonjwa. Utalifurahia."

Nikamfuata. Nataka hili liandikwe kama lilivyo: kikombe kiligonga, nami nikamfuata.

Ukumbi wa mtihani uko hatua chache chini ya safu ile, na madirisha yake yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Watahini watano waliketi nyuma ya meza ndefu. Bwana Kadeghe akasimama, akasoma swali: "Eleza wajibu wa mtu kwa jirani aliye mgonjwa, kwa ukamilifu wake, pamoja na maelezo ya pembeni."

Nikaanza. Nilikuwa nalijua kuliko jina langu. Maneno yalitoka yamepangana, watahini wakawa wanaitikia kwa vichwa, na mmoja alifumba macho kama anayesikiliza nyimbo. Juu ya mlima kikombe kiligonga. Nikaendelea. Kikagonga mara mbili, si tatu. Nikaendelea. Kikagonga mara moja, kwa mbali, halafu kikanyamaza.

Nami nikanyamaza.

"Endelea, mama," akasema Bwana Kadeghe. "Imebaki sentensi moja."

"Kikombe kimenyamaza."

"Kikombe hakimo kwenye mtihani."

Watahini wakacheka kidogo, kwa adabu. "Ni woga wa saba," mmoja akasema. "Huwapata wengi. Mpeni maji."

Nikavua kibao, nikakiweka mezani. Sikujiona shujaa. Nilijiona mtu aliyechelewa mara mbili.

"Ukivuka mlango huo unarudi sifuri," akasema Bwana Kadeghe, na sasa sauti yake haikuwa ya taratibu. "Na swali lako litakusubiri. Unasikia? Litakusubiri lile lile."

"Nasikia, baba."

Nikapanda mbio, mimi na magoti yangu haya. Mlango wa Bibi Adia haukuwa na kufuli, haukuwahi kuhitaji. Alikuwa kitandani, mkono umening'inia, na kikombe kiko sakafuni kilipodondokea. Alikuwa hai. Alinitazama shingoni, pale kibao kilipotakiwa kuwa.

"Umetumwa?" akauliza. "Ni zoezi?"

"Hapana, bibi. Nilisikia unagonga."

"Kila mtu amesikia," akasema.

Nikachota maji mtungini, nikamwinua, akanywa mafunda mawili. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilikuwa sijui niifanyie nini mikono yangu. Basi kwa mazoea nikafungua Kitabu, nikaanza fungu la wagonjwa. Akainua kidole.

"Hayo nayajua. Nilipata alama za juu." Akavuta pumzi, akangoja nyingine ije. "Niambie umekula nini leo."

"Leo sijala, bibi. Nilikuwa na mtihani."

"Jana je?"

"Jana maharage. Yalikuwa na mawe."

Akacheka, cheko dogo lililomchosha. "Bado hawajui kuchagua maharage wale! Nilipokuwa Bondeni nilikuwa nawachagulia mimi. Tunakaa uani, tunasengenya watahini, maharage yanachaguka." "Nakaa huku mwaka wa thelathini na moja. Sijamwambia mtu hilo la maharage."

Baadaye kidogo akasema anatamani uji. Unga ulikuwepo, jiko lilikuwepo na mkaa ndani, na kiberiti. Hapakuwa na cha kuwashia. Nikatazama huku na huku. Bibi Adia akaelekeza macho ukutani, kwenye fremu, kwenye karatasi nene yenye muhuri.

"Ile."

"Bibi, ile ndiyo Hati ya—"

"Naijua ni nini, mwanangu. Naitazama tangu juzi. Inasema sitaulizwa." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi niiname. "Nimelala hapa nagonga ukuta, nikawaza. Asiyeulizwa, maana yake hakuna anayemngoja aseme. Nitapita kimya, kama nilivyopita hapa. Sitaki. Washa."

Nikaitoa kwenye fremu, nikaikunja, nikawasha. Iliwaka vizuri. Nikapika uji mwepesi, nikaupoza, nikamnywesha kijiko kwa kijiko. Alikunywa vijiko vitatu, akanishika kifundo cha mkono, hakuniachia.

"Sasa nitaulizwa," akasema. "Unadhani nitajua la kusema?"

"Sijui, bibi. Na mimi langu ni baya."

"Haya," akasema. "Basi tutakuwa wawili."

Hakusema tena. Jua lilipofika katikati ya chumba alikuwa ameshakwenda, na mkono wangu bado ulikuwa ndani ya wake.

Hakuna mtu wa kileleni aliyekuja kuzika. Nilisimama nje, nikaona milango yote ya safu ile nyeupe imefungwa, na nyuma ya kila mlango, najua, kulikuwa na mtu aliyekuwa anasikia nyayo zangu. Nikateremka Bondeni. Mashavu alikuwa mlangoni mwa ua, anapepeta mchele.

"Sifuri amerudi!" akaita. Kisha akaniona uso, akaweka ungo chini. "Umefeli?"

"Nimefeli, dada. Na kuna mtu wa kuzika huko juu."

"Cheo gani?"

"Alikuwa saba. Sasa hana."

Hakuuliza sheria ya kizingiti. Aliingia ndani, akatoka na majembe mawili, moja akanipa. Wengine wakafuata, na yule mzee wa muhogo alikuwemo, pamoja na ndugu yake.

Nimerudi nyumbani. Nyumba ya Namkunda imefungwa, na funguo ninazo mimi. Darasa la jioni naendelea nalo, na watoto bado wanakuja dirishani. Kabla ya darasa napita kwa Mama Eliwaza, yule aliyetumwa mara mbili. Goti lake linamsumbua, hatoki. Mara nyingi hatuna la kuzungumza. Ananiuliza nimekula nini, namwambia, naye ananiambia yeye amekula nini, kisha tunakaa.

Jioni za Jumapili ndizo ndefu. Napiga magoti peke yangu chumbani. Zamani niliomba lile swali lipite mbali nami. Siku hizi naomba nisije nikafika mbele yake nikiwa nimelisahau jibu, au nimelipamba. Nalifanyia mazoezi kwa sauti, ingawa hakuna wa kunisikia ila Yeye:

Nilikuwa darasani, Bwana. Dada yangu aliniita nikae naye, nami nikampelekea karatasi.